Jaribio geugeu

Jaribio geugeu ni jaribio la programu ya kompyuta ambalo hufaulu mara moja na kufeli mara nyingine, ingawa programu inayojaribiwa haikubadilishwa hata herufi moja. Majaribio ya aina hii hupatikana hasa katika programu sambamba, yaani programu zinazofanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, kama vile seva ya benki inayopokea maombi ya wateja wengi, au programu ya simu inayopakua picha huku mtumiaji akiendelea kuandika.

Mara nyingi jaribio geugeu huwa pia jaribio la polepole. Kasoro hizo mbili huonekana kama hazihusiani, lakini kwa kawaida hutoka katika shina moja. Mwandishi wa jaribio hakujua kazi inayofanyika pembeni itamalizika lini, akaamua kungoja muda aliokisia. Akikisia muda mfupi jaribio hufeli ovyo, na akikisia muda mrefu watu wote hungoja bure.

Kazi ya jaribio

Programu kubwa za siku hizi huandamana na programu ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuziendesha na kulinganisha majibu yaliyopatikana na majibu yaliyotarajiwa. Kila mara mwandaaji programu anapofanya badiliko, majaribio yote huendeshwa yenyewe. Yakifaulu, skrini huonyesha rangi ya kijani. Likifeli hata moja, huonyesha nyekundu na badiliko hilo husimamishwa.

Utaratibu huu wote unategemea imani kwamba nyekundu maana yake kuna kosa. Jaribio geugeu huivunja imani hiyo. Mtu akishaona nyekundu ambayo hugeuka kijani anapobonyeza kitufe mara ya pili, huzoea kubonyeza tu, na siku kosa la kweli likitokea atalibonyezea vilevile. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiasi fulani cha ugeugeu, na kwamba asilimia 84 ya safari ambazo jaribio lilitoka kufaulu hadi kufeli zilihusu jaribio geugeu.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi tatizo linavyokua. Tuseme mradi una majaribio 700, na kila moja hufeli bila sababu mara moja tu katika mara 1,000. Kila moja peke yake linaonekana zuri kabisa. Lakini uwezekano wa yote 700 kufaulu kwa pamoja ni 0.999 kwa kipeo cha 700, yaani karibu 0.50. Nusu ya siku za kazi zitaanza kwa nyekundu isiyo na maana.

Mbio kati ya nyuzi

Ndani ya programu sambamba, kila mfululizo wa amri unaotekelezwa kwa kujitegemea huitwa uzi. Nyuzi mbili zinaweza kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo matatizo huanza.

Chukua akaunti yenye shilingi 10,000. Uzi wa kwanza unatakiwa kutoa 3,000 na wa pili kutoa 4,000, kwa hiyo mwishoni zibaki 3,000. Kila uzi hufanya hatua tatu: kusoma salio, kupunguza, na kuandika salio jipya. Ikiwa nyuzi zote mbili zitasoma 10,000 kabla ya yeyote kuandika, wa kwanza ataandika 7,000 na wa pili ataandika 6,000. Salio la mwisho litakuwa la yule aliyechelewa kuandika, na hakuna kati ya hayo mawili lililo sahihi. Hali hii, ambayo jibu hutegemea nani amewahi, huitwa mbio.

Msomaji anayekumbuka hesabu za uteuzi anaweza kuthibitisha kwamba hatua tatu za uzi mmoja na tatu za mwingine zinaweza kuchanganyika kwa njia 20. Katika hizo 20 ni 2 tu zinazotoa jibu sahihi, ile ya uzi wa kwanza kumaliza yote ndipo wa pili aanze, na kinyume chake. Hata hivyo katika kompyuta halisi jibu sahihi hutokea karibu kila mara, kwa sababu hatua hizo ni za haraka mno na uzi wa kwanza huwa umekwisha maliza kabla wa pili haujaamka. Hatua zikiwa 10 kwa kila uzi, njia za kuchanganyika hufika 184,756. Anayechagua njia ni mfumo endeshi, na uchaguzi wake hubadilika kufuatana na idadi ya viini vya prosesa, programu nyingine zinazoendeshwa, na mambo mengine ambayo mwandishi wa jaribio hana mamlaka nayo. Ndiyo maana jaribio linalofaulu mara 500 mfululizo kwenye kompyuta ya mwandishi linaweza kufeli kwenye seva yenye shughuli nyingi.

Mashine ya Therac-25

Kuna sababu nzito ya kutopuuza kosa linalotokea na kutoweka. Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kutokana nayo. Mashine za awali za kampuni hiyo zilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyozuia ajali ya namna hiyo. Katika Therac-25 sehemu kubwa ya kazi hiyo ya ulinzi iliachiwa programu.

Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu wa mashine alichagua aina moja ya mionzi kwa makosa, akarudi juu kwenye skrini na kusahihisha herufi moja. Wakati huo sumaku za mashine zilikuwa zinapangwa, kazi iliyochukua sekunde 8 hivi. Aliyesahihisha baada ya muda huo kupita hakupata tatizo. Aliyesahihisha kabla ya sekunde 8 kwisha aliona maandishi sahihi kwenye skrini, ilhali sehemu nyingine ya programu haikupata habari ya badiliko hilo, na mgonjwa akapigwa na mionzi mikali.

Mafundi wa kampuni walijaribu kulirudia kosa hilo wakashindwa. Aliyefaulu ni mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo akishirikiana na mhudumu mwenyewe, ambaye kwa uzoefu wa miezi mingi alikuwa anaandika kwa kasi sana. Walirudia na kurudia mpaka wakaweza kuliita kosa wakati wowote. Wale waliojaribu kwa kuandika taratibu walikuwa wanafanya jaribio ambalo lingefaulu daima.

Mfano mwingine ni kukatika kwa umeme tarehe 14 Agosti 2003 kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada, kulikowagusa watu wapatao milioni 50. Miti iliyogusana na nyaya ilikuwa sehemu ya chanzo, lakini mfumo wa kengele za tahadhari huko Ohio ulikuwa umenyamaza kwa sababu ya mbio ndani ya programu yake, na wasimamizi hawakujua hali ilivyokuwa ikiharibika.

Kungoja kwa kukisia

Sasa turudi kwenye jaribio lenyewe. Tuseme tunaijaribu huduma inayomtumia mteja namba ya siri ya kuingilia, na namba hiyo hufa baada ya dakika 5. Tunataka kuhakikisha mambo mawili: kabla ya dakika 5 namba inafanya kazi, na baada yake haifanyi.

Njia ya kwanza ni kungoja dakika 5 za kweli. Hakuna atakayekubali. Kwa hiyo wengi hubadilisha uhai wa namba uwe milisekunde 50 wakati wa jaribio, kisha huiamuru programu ilale milisekunde 40, waangalie kama namba bado ni hai, ilale tena milisekunde 20, waangalie kama imekufa. Kwenye kompyuta isiyo na kazi nyingine jaribio hili hufaulu. Lakini amri ya kulala milisekunde 40 humaanisha kulala si chini ya 40. Mfumo endeshi ukiwa na shughuli unaweza kuiamsha programu baada ya 70. Namba imekwisha kufa, jaribio linafeli, na huduma yenyewe haina kosa lolote.

Mwandishi aliyechoshwa na jambo hili hurefusha muda. Uhai wa namba unakuwa sekunde 1, kulala kunakuwa nusu sekunde na nusu nyingine na zaidi. Majaribio 200 ya namna hiyo, kila moja likilala sekunde moja na nusu, hutumia dakika 5 bila kompyuta kufanya kazi yoyote. Na bado hayajawa ya kuaminika, maana siku moja seva itasimama kwa sekunde mbili.

Mwalimu anayemtuma mwanafunzi kuleta chaki ofisini hatazami saa mpaka dakika kumi ziishe ndipo aanze kuandika. Hungoja chaki ifike, na ikifika baada ya dakika mbili huanza mara moja.

Kungoja tukio lenyewe

Hilo ndilo badiliko la kwanza la kufanya. Badala ya kulala muda fulani, jaribio husimama mpaka lipewe ishara kwamba kazi imekwisha. Lugha zote kubwa za programu zina vyombo vya kutoa ishara hiyo. Java, kwa mfano, tangu toleo la 5 la mwaka 2004 ina kihesabio kinachoitwa CountDownLatch: kinaanza na idadi ya kazi zinazotarajiwa, kila uzi ukimaliza hupunguza moja, na kikifika sifuri jaribio huendelea. Katika lugha ya Go, uzi mmoja hupeleka ujumbe kwa mwingine kupitia chaneli.

Ukomo wa muda bado unahitajika, ili jaribio lisingoje milele kama ishara haitakuja. Tofauti ni kwamba ukomo huo sasa unaweza kuwa mrefu, hata sekunde 30, kwa sababu mambo yakienda vizuri haumgharimu mtu chochote. Pale ambapo hakuna njia ya kupata ishara, inafaa kuchungulia hali kila baada ya milisekunde chache mpaka ukomo ufike. Njia hiyo si safi kama ishara, lakini ni bora mara nyingi kuliko kulala.

Upungufu mmoja unabaki, nao huwasumbua hata wenye uzoefu. Ishara husema jambo limetokea. Haiwezi kusema jambo halikutokea. Ukitaka kuhakikisha kwamba huduma haikutuma ujumbe wa pili kwa mteja, utangoja nini? Aliyengoja kidogo na kuona kimya hupata kijani, ingawa ujumbe ulikuwa njiani. Jaribio la namna hii ni baya kuliko linalofeli ovyo, kwa kuwa halimsumbui mtu na hakuna atakayelitazama tena.

Saa bandia

Badiliko la pili ni kuinyang'anya saa ya ukutani mamlaka yake. Programu huandikwa ili iulize wakati kwa saa inayopewa, badala ya kuuliza mfumo endeshi moja kwa moja. Katika kazi ya kawaida hupewa saa ya kweli. Katika jaribio hupewa saa bandia ambayo mishale yake husogezwa na mwandishi. Dakika 5 hupita kwa amri moja. Java iliingiza saa ya kupewa ya aina hii katika toleo la 8, mwaka 2014.

Katika programu yenye uzi mmoja hayo yanatosha. Kwenye programu sambamba saa bandia huleta mbio zake yenyewe: jaribio linaweza kusogeza saa mbele kabla uzi wa pili haujafika mahali pa kuweka kengele yake. Uzi huo utaweka kengele ya dakika 5 kuanzia wakati mpya, na jaribio litangoja kengele isiyolia. Ili kusogeza saa kwa usalama inabidi kujua kwamba kila uzi umekwisha fanya yote unayoweza kufanya kwa sasa, na sasa umetulia ukingoja. Jambo hilo mwandishi wa jaribio hawezi kulijua akiwa nje. Anayelijua ni yule anayezipanga nyuzi.

Kiputo cha lugha ya Go

Go ni lugha ya programu iliyotangazwa na Google mwaka 2009, na nyuzi zake nyepesi huitwa gorutini. Kwa kuwa gorutini hupangwa na Go yenyewe, watunzaji wa lugha waliweza kutatua tatizo hilo kutoka ndani. Chombo chao, kiitwacho synctest, kilitolewa kwa majaribio katika toleo la 1.24 mwezi Februari 2025 na kuwa sehemu kamili ya lugha katika toleo la 1.25 mwezi Agosti mwaka huohuo.

Jaribio huendeshwa ndani ya kile wanachokiita kiputo. Gorutini yoyote inayozaliwa ndani ya kiputo hubaki humo, na humo kuna saa bandia inayoanza usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 2000. Saa hiyo haitembei wakati gorutini yoyote ina kazi. Zote zikiwa zimesimama, zikingoja kengele au zikingojana, saa huruka papo hapo hadi wakati wa kengele iliyo karibu zaidi. Zikiwa zimesimama zote na hakuna kengele hata moja, maana yake zimefungana na hakuna wa kuziokoa. Jaribio hufelishwa hapohapo badala ya kuganda. Iko pia amri ya kusema: ningoje mpaka gorutini nyingine zote zitulie.

Amri hiyo ndiyo inayojibu swali la ujumbe wa pili. Zote zikiwa zimetulia na saa haijasogea, ujumbe ambao haujatumwa hautatumwa kwa wakati huo, wala hakuna haja ya kukisia.

Jaribio letu la namba ya siri sasa linaandikwa kwa dakika 5 zenyewe, bila kupunguza. Linalala dakika 5 kasoro nanosekunde moja, linangoja utulivu, linahakikisha namba ni hai. Linalala nanosekunde moja, linangoja utulivu, linahakikisha imekufa. Linakwisha kufumba na kufumbua, na jibu lake halitegemei shughuli za seva. Maktaba ya kujaribu korutini ya lugha ya Kotlin nayo hutumia wakati wa kubuni unaofanana na huu.

Kiputo kina mipaka. Gorutini inayosoma kutoka mtandaoni haihesabiwi kuwa imetulia, kwa kuwa data inaweza kufika kutoka nje ya kiputo wakati wowote. Anayejaribu huduma ya mtandao hana budi kutumia mfereji wa bandia ulio ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Gorutini inayongoja kufuli la kawaida nayo haihesabiwi. Na kiputo hakizuii mbio: akaunti yetu ya shilingi 10,000 inaweza kujaribiwa ndani ya kiputo ikafaulu, kosa likiwa palepale.

Kuzisaka mbio

Kwa mbio za kumbukumbu kuna vichunguzi maalumu. Kinachojulikana zaidi ni ThreadSanitizer cha Google, ambacho pia ndicho kiini cha kichunguzi kilichomo ndani ya Go tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013. Hufuatilia kila kusoma na kila kuandika, na hulalamika nyuzi mbili zinapogusa mahali pamoja bila utaratibu wa kupishana, hata kama safari hiyo jibu lilikuwa sahihi. Gharama yake si ndogo, kwani programu ya Go inaweza kwenda polepole mara 2 hadi 20 na kutumia kumbukumbu mara 5 hadi 10. Tena huona tu sehemu za programu zilizotekelezwa kweli.

Kuna kosa ambalo kichunguzi hiki hunyamazia. Mtu akiweka kufuli wakati wa kusoma salio, akalifungua, kisha akaweka kufuli tena wakati wa kuandika, kila mguso una utaratibu na kichunguzi kimeridhika. Lakini kati ya kufuli hizo mbili mwenzake ameingia, na pesa zimepotea kama mwanzo. Kufuli lazima lizunguke hatua zote tatu.

Njia ya mbele zaidi ni kumpokonya mfumo endeshi upangaji wa nyuzi. Mwaka 2008 watafiti wa Microsoft walieleza chombo kiitwacho CHESS, ambacho huijaribu programu kwa kupitia njia za kuchanganyika moja baada ya nyingine, kikianza na zile ambazo uzi hukatizwa mara chache. Makosa mengi waliyoyapata yalihitaji kukatizwa mara mbili au pungufu. Watengenezaji wa hifadhidata ya FoundationDB walikwenda mbali zaidi kwa kuendesha mtandao mzima wa kompyuta za kubuni ndani ya uzi mmoja, pamoja na diski zinazoharibika na nyaya zinazokatika. Bahati nasibu yote hutoka kwenye namba moja ya kuanzia. Kosa likitokea, namba ileile hulirudisha kosa lilelile.

Jaribio likishageuka

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipochunguza marekebisho ya majaribio geugeu katika miradi ya Apache, mwaka 2014, walikuta kwamba karibu asilimia 45 yalitokana na kutongoja vizuri, asilimia 20 na mbio nyinginezo, na asilimia 12 na majaribio kutegemea mpangilio, yaani moja huacha takataka ambazo lingine hujikwaa kwazo. Aina hii ya mwisho hupunguzwa kwa kulipa kila jaribio faili zake na data zake, na kwa kuuachia mfumo endeshi uchague lango la mtandao lililo wazi badala ya kuandika namba ileile kila mahali.

Miradi mingi huweka utaratibu wa kulirudia jaribio lililofeli mpaka lifaulu. Huo ni mzaha, isipokuwa kama kila kufeli kunaandikwa na kuna mtu anayesoma maandishi hayo. Kulitenga jaribio kando kunakubalika zaidi, mradi liwe na jina la mtu wa kulishughulikia na tarehe ya mwisho.

Kulirudia kosa kunataka subira ya wale wawili wa Tyler. Jaribio huendeshwa mara elfu au zaidi, huku kompyuta ikipewa mzigo mwingine, au likiachiwa kiini kimoja tu cha prosesa, au mapumziko mafupi ya bahati nasibu yakipachikwa kati ya hatua. Na baada ya kurekebisha inabidi kuhesabu tena. Ikiwa jaribio lilikuwa linafeli mara 1 katika 1,000, kufaulu mara 100 mfululizo hakuonyeshi kitu, maana hata bila marekebisho lingefaulu hivyo kwa uwezekano wa asilimia 90. Zinahitajika mara 3,000 hivi ili uwezekano huo ushuke hadi asilimia 5.